Mwavuli Wangu Umeingia Bwawani

Jumamosi jioni, Subukia. Mvua ilipita mchana, ikanyesha shamba la jirani, ikaruka langu, lakini leo sina ugomvi na mvua. Moyo wangu umekauka vizuri, kama mahindi ya kuuza.

Nimelipiza kisasi.

Nimeiandika peke yake hiyo ili niione vile inapendeza.

Nyinyi mnaosoma hapa mnajua mimi ni mtu wa amani. Huo ni uongo, na mnajua. Simu hii nilinunuliwa na kijana wangu anayefanya kazi kwa ile mitambo ya mvuke ya Olkaria. Alinionyesha kuandika shajara ya mtandaoni ili niache kumpigia akiwa zamu. Kwa hivyo naandika, kidole kimoja, na ng'ombe akilia naenda kwanza kwa ng'ombe.

Mambo yalianza shule zilipofungwa. Mjukuu wangu anaitwa Wangari, jina la marehemu mke wangu, vile desturi yetu inataka. Mimi humwita mke wangu. Naye anaitika bila aibu, na ananigombeza vilevile kama yule mkubwa: guka, ndiyo babu kwetu, mbona umevaa koti na jua hivi, guka, hujanyoa. Amepungukiwa meno mawili ya mbele lakini kelele ni ileile.

Nilikuwa nimemwahidi ile bustani ya michezo iliyo nje kidogo ya mji wa Nakuru. Kuna bembea, kuna gari moshi la watoto, na kuna bomba refu la kijani linalojizungusha kama utumbo wa mbuzi halafu linakutema kwa bwawa. Mtoto wa kimo chake hashuki peke yake. Lazima akae mbele ya mtu mzima. Mtu mzima ni mimi. Tulikuwa tumekubaliana, na yeye alikuwa amewatangazia watoto wote wa kijiji.

Tulienda watu wanne. Mimi, huyo mke wangu mdogo, mama yake, na babake mama yake, mkwe wangu Kimotho wa Kiamunyi. Kimotho amestaafu vizuri. Ana nyumba ya vigae, ana mbwa anayeogeshwa kwa shampuu, na kila asubuhi anakimbia barabarani bila kufukuzwa na mtu.

Pale bwawani kuna mama mmoja wa makamo, fulana nyekundu, filimbi shingoni. Wote wanamwita Madam. Ndiye anayeangalia kila mtu amevaa nini.

"Mzee, koti haliingii hapa."

"Haliingii lenyewe. Mimi ndiye naliingiza."

"Soma ubao."

Niliusoma. Mimi niliachia darasa la saba, na nasoma polepole, lakini kitu nikishakisoma hakitoki tena. Ubao ulisema pamba hapana, jinzi hapana, vifungo hapana, zipu hapana, chuma cha aina yoyote hapana, suruali ya ndani hapana, koti na kofia hapana. Kinachoruhusiwa ni kitambaa cha nailoni kisichonyonya maji, kilichokazwa kwa lastiki.

Basi nikavua koti nikabaki na shati na suruali. Madam akasema suruali ina zipu. Nikasema nitaifunga. Hakucheka. Akaniambia kuna kostumu za kukodi, akaingiza mkono kwa ndoo akatoa kitu chekundu kinachotiririka maji, ukubwa wake kama bahasha ya barua.

"Hii imevaliwa na nani?"

"Imeoshwa."

"Sikuuliza hiyo."

Sasa wewe msomaji usiyekuwa wa huku, ngoja nikwambie jambo. Kwetu, mke wa kijana wako ni mtu wa heshima. Hakuoni ukiwa uchi, na uchi hauanzii pale unapofikiria wewe. Unaanzia kwa magoti. Mimi hata kukata kucha za miguu nangoja aende sokoni. Na huyo mama Wangari alikuwa amesimama hapo hapo, taulo mkononi, akiangalia nyasi ili asiangalie ndoo. Alikuwa anajua. Kila mtu mzima pale alikuwa anajua.

Nikamnong'oneza Madam, mke wa kijana wangu yuko hapa. Akanijibu kwa sauti ya kuuza nyanya, "Mzee, sheria ni sheria."

Kimotho naye alikuwa ameshavua zamani. Alisimama mbele ya binti yake na kaptura ya bluu yenye minazi ya manjano, tumbo bapa kama sinia. Wa Kiamunyi hao, magoti yao ni mali ya umma.

"Mkwe, maji si ya kila mtu," akasema. "Huko Subukia mmezoea maji ya ng'ombe. Wacha nimpeleke mimi."

Akamshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa ananiangalia nyuma mpaka wakafika juu ya ngazi.

Nilikaa kwa benchi nikichunga mifuko ya watu. Nilisikia kelele ikizunguka ndani ya bomba, halafu maji yakaruka, halafu nikamwona anakuja mbio, amelowa, meno yote aliyonayo yako nje. Akasimama mbele yangu. Furaha ikapungua kidogo usoni, akaweka mkono wake wa baridi juu ya goti langu, goti lililofunikwa.

"Usijali, guka. Hata mimi nilikuwa naogopa kidogo."

Kuogopa. Mimi.

Yule Wangari mkubwa aliniona nikishika fahali pembe mbili. Aliniona nikibishana na chifu mpaka chifu akasahau alikuja kufanya nini. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniambia usijali. Sasa jina hilohilo, sauti hiyohiyo ya kupangusa mtu machozi, linaniambia usijali. Na ningemjibu nini? Utamwelezaje mtoto mdogo kwamba guka hakuogopa maji, aliogopa mama yako asimwone mapaja? Nilifungua mdomo nikaufunga.

Jioni akampigia baba yake Olkaria, sauti ya simu imefunguliwa nyumba nzima isikie. "Guka aliogopa maji." Kijana wangu akacheka mpaka zamu ikasimama. Jumapili iliyofuata mwalimu wa watoto kanisani akauliza nani ana ombi. Nyinyi mnajua ni nani aliinua mkono. Watoto wote wa kanisa walifunga macho wakaniombea niondolewe hofu ya maji, na mimi nimekaa kiti cha tatu kutoka mbele na koti langu.

Nikasema amina. Ningesema nini?

Lakini kisasi ni kama githeri, kinataka moto mdogo na kifuniko. Sikusema kitu kwa mtu. Nilikaa na ule ubao kichwani, nikiupitia neno kwa neno nikikamua. Nailoni. Hainyonyi maji. Lastiki. Hakuna zipu, hakuna kifungo, hakuna chuma. Ubao ulikuwa umesema yote isipokuwa kitu kimoja. Haukusema nguo iishie wapi.

Nyuma ya mlango wangu kuna mwavuli, ule mkubwa wa kukinga watu watano, kijani na manjano. Tulipewa na watu wa mbegu siku waliyotuita wakulima kutuonyesha mahindi yao. Nikauteremsha. Nikamwaga kikombe cha maji juu yake, maji yakakimbia kama yana deni. Hapo nikacheka peke yangu, na jogoo akanijibu.

Nikaupeleka kwa fundi Njoki, ambaye cherehani yake iko kwenye baraza la duka pale sentani. Nikamwambia toa vyuma vyote, unishonee kitu kinachofunika kutoka shingo mpaka chini ya magoti, mikono ifike kiwiko, lastiki kila mwisho.

Njoki akanipima, akauangalia ule mwavuli, akaniangalia mimi. "Mzee, hii ni kostumu ama ni hema?"

"Ni rufaa," nikamwambia.

Alishona vizuri isipokuwa jambo moja. Yale maandishi ya watu wa mbegu, MAVUNO MENGI, yakaangukia matakoni. Akaniambia kugeuza kitambaa kutaharibu mishono. Nikasema acha, ni kweli tupu. Nikaijaribu kwa pipa la maji ya ng'ombe. Ng'ombe wangu amenikosea heshima kidogo tangu siku hiyo, lakini nguo ilikuwa sawa.

Halafu nikampigia Kimotho mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa asali. Nikasema mkwe, mtoto anataka kurudi, na wewe ndiye unajua maji, twende tena kabla shule hazijafunguliwa. Akafurahi. Mtu anayejipenda hashuku mwaliko.

Leo basi tumeenda.

Nimevaa koti langu mpaka pale ubaoni. Kimotho akajinyoosha, kaptura yake ya minazi, akamwambia Wangari waende ngazi. Nikasema ngojeni. Nikafungua koti polepole, kifungo kimoja, cha pili, kama mtu anayefungua kesi.

Watu waliokuwa wakila chipsi wakaacha kula.

Madam akanizunguka. Alizunguka tena. Akashika kitambaa kwa vidole viwili.

"Zipu?"

"Hakuna."

"Vifungo?"

"Tafuta."

"Hii ni pamba?"

"Mwaga maji uone."

Akamwaga. Maji yakakimbia yote yakaenda kwa viatu vyake. Akarudi kwa ubao akausoma kutoka juu mpaka chini, mdomo ukitembea, na mimi nikausoma naye bila kuangalia. Alipofika mwisho hakuwa na kitu cha kunipiga nacho.

"Mzee, umeitoa wapi hii?"

"Kwa mvua."

Mama Wangari alikuwa amefunika uso kwa taulo. Mabega yalikuwa yanatetemeka, lakini ni kicheko, na hicho hakina makosa. Alikuwa ananiangalia wima, bila kutafuta nyasi.

Kimotho pekee ndiye hakucheka. Akasema yeye atashuka nyuma yetu, aone kama mwavuli unajua kuogelea.

Nitasema ukweli kuhusu kule juu. Ni mbali. Upepo wa mlima wa Menengai unafika huko. Miguu yangu iliniuliza swali nikaacha kuijibu. Nilikaa, Wangari akakaa mbele yangu kama mbegu ndani ya ganda, akasema, "Guka, ukiogopa shika mimi." Tukaachiliwa.

Mwanzoni tulienda kama habari mbaya. Mtoto anapiga kelele, mimi napiga kelele, sitaki kusema ni nani aliyepiga zaidi. Lakini mwavuli ni mwavuli. Katikati, pale bomba linapopinda, maji yaliingia kwa shingo yangu yakakataa kutoka kwa sababu ya lastiki za Njoki. Nikaanza kuvimba. Nilivimba kifua, nikavimba tumbo, nikavimba Mavuno Mengi, nikajaa bomba lote kama kizibo. Mtoto akateleza mbele akaenda zake salama, nikasikia akitua majini na kucheka. Mimi nimebaki hapo gizani, niko kijani na manjano, nangoja maji yanisukume.

Kilichonisukuma ni Kimotho.

Alikuja na mbio zake zote za asubuhi. Alinigonga mgongoni, akapanda juu, akageuka, miguu yake ikapita sikioni kwangu. Tukaanza kushuka pamoja, wakwe wawili, heshima yote imebaki juu. Mtu akianguka hivyo mkono hutafuta pa kushika. Mkono wangu ulitafuta. Ukapata kitu laini chenye lastiki. Sikuuambia ushike na sikuuambia uachie.

Tulipotemwa bwawani, mimi nilisimama. Yeye hakusimama.

Maji ya pale yanafika kifuani tu kwa mtu mzima. Kimotho alikuwa amechuchumaa, kidevu kikielea, macho makubwa. Mimi nilikuwa na minazi ya manjano ndani ya kiganja. Nikaisukuma kifuani chini ya mwavuli. Lastiki za Njoki haziachii kitu.

"Mkwe," akaninong'oneza. "Kaptura."

"Maji ya huku hayo. Yanachukua vitu."

"Mkwe."

Mama Wangari akaja ukingoni na taulo. "Baba, toka basi, chakula kinapoa."

"Endeni. Nakuja."

"Utashikwa na homa."

"Nimesema endeni."

Hakuenda. Watu walikuwa wanashuka ngazi ya bwawa, Madam alikuwa anaangalia, na Kimotho wa Kiamunyi alikuwa anahama kidogokidogo kuelekea kona kama chura mwenye mawazo. Hapo mke wangu mdogo akakaa ukingoni, miguu majini, akamchunguza vizuri.

"Guka wa Kiamunyi, mbona hutoki?"

"Napumzika."

"Unaogopa?"

Alifungua mdomo akaufunga. Mimi naujua huo mdomo. Nilikuwa nao kwa lile benchi. Kuna jibu, na ni jibu zuri, lakini huwezi kumpa mtoto, na huwezi kulitoa binti yako akisikia.

Wangari akanyoosha mkono akampapasa kichwa kilicholowa. "Usijali," akasema. "Hata guka wa Subukia alikuwa anaogopa. Sasa ameacha."

Unaona? Hata nikishinda sishindi yote. Lakini nilikubali hiyo. Nilikubali kwa sababu ya uso wa Kimotho.

Mtoto alipoitwa na mama yake kwenda kula, nikamsogelea Kimotho. Nikamuuliza swali moja tu, lile lililokuwa linaniwasha tangu ile siku. Nani alimwambia mtoto kwamba nilikuwa naogopa?

Akaangalia maji. "Aliniuliza kule juu kwa ngazi."

"Na wewe ulijua kwa nini sikuvua."

"Nilijua, mkwe."

"Kila mtu alijua."

"Ndiyo."

Basi. Nilikuwa nimefikiria nikisikia hivyo nitamzamisha. Badala yake nikasikia njaa. Nikamwambia angoje, nikamletee kitu. Nilienda polepole, nina miaka yangu, na nilisimama njiani kununua aisikrimu. Ilikuwa nzuri. Nikaimaliza. Halafu nikachukua koti langu nikamrudia.

Alilivaa humohumo majini. Koti likanywa maji kama ng'ombe watatu. Akapanda ngazi akilishika kwa mikono yote miwili, miguu myembamba ikitoka chini kama ya korongo, na kabla hajapiga hatua mbili filimbi ikalia.

"Wewe mzee. Makoti hapana."

Kimotho akasimama. Akaniangalia. Mimi nikaangalia ubao.

"Toa koti. Lina pamba hilo, lina vifungo."

"Madam," Kimotho akaanza, na sauti ikakatika.

"Atoe," nikasema. "Sheria ni sheria."

Madam akamsogelea, akanyoosha mkono kulishika, ndipo akaona namna Kimotho alivyolikamata, na miguu, na kwamba baina ya koti na mtu hakuna kitu kingine. Filimbi ikamtoka mdomoni. Akageuka akaangalia gari moshi la watoto kama hajawahi kuliona.

"Huyo apite tu," akasema.

"Kwa hivyo kuna watu wa kupita?" nikamuuliza.

Akaenda kwa ubao wake. Wakati wa kutoka nilimwona bado amesimama mbele yake na kalamu nene ya wino, anaongeza neno chini kabisa. Nikasoma nikipita, polepole kama kawaida yangu. Miavuli hapana.

Mtu wa darasa la saba, na nina mstari wangu kwenye sheria. Kimotho na masomo yake yote hana.

Sasa niko kwa mlango wangu. Mbele yangu kuna kamba ya nguo. Koti linatona maji upande huu. Mwavuli uko katikati, umepungua, umerudi kuwa kitu cha kawaida. Upande ule kuna kaptura ndogo ya bluu, minazi ya manjano, inacheza na upepo wa Subukia. Jirani amepita ameniuliza ni ya nani. Nimemwambia ni ya mgeni.

Kimotho amepiga simu mara kadhaa. Sijashika. Si hasira. Namwacha tu achuchumae.

Na sitamnyima nguo yake, mimi si mwizi. Wiki ijayo tuko kwake Kiamunyi, ukoo wake wote na wetu, chakula na maombi ya kumshukuru Mungu kwa nyumba mpya ya binti yake mdogo. Ni desturi mtu asiende kwa wakwe mikono mitupu. Kaptura nitaifua, nitaipiga pasi, nitaipeleka kwa mikono miwili kama zawadi ya heshima.

Swali ni moja, nalo litanikesha: niifunge kwa gazeti, ama niingie nayo wazi?